Mahindi ya Pipa la Hanna

Krrrrr. Halafu kimya kidogo. Halafu punje, punje nyingi, zikidunda kwenye sakafu ya saruji kama mtu amepasua gunia.

Mueni aliamka kabla hajajua ameamshwa na nini. Simu ilionyesha saa nane na dakika kumi usiku. Kando yake mumewe, Kiptoo, alikuwa macho, amelala chali, na Mueni akamwuliza kwa kunong'ona, umesikia? Kiptoo akamshika mkono, akaubana. Sauti ile wote wawili waliijua. Lakini mahali pake palikuwa msituni, mwendo wa nusu saa kwa gari, si hapa mjini, mtaa wa Hallunda, ghorofa ya nne, nje ya mlango wao.

Ngoja kwanza tuanze ilipoanzia, maana ilianza vizuri, siku ya Jumamosi, na jua kabisa.

Kiptoo alikuwa na kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mmoja wa wazee wake alikuwa bibi aitwaye Hanna, mjane mwenye msitu mbele ya mji mdogo wa Tumba. Magoti ya Hanna yalikuwa yamekwisha, basi akamwomba Kiptoo awe anamjazia pipa. Pipa lenyewe lilisimama juu ya miguu mitatu ya chuma, kwenye uwazi katikati ya miti, na chini yake kulikuwa na mota ndogo yenye saa. Saa ikifika mota inazunguka, krrrrr, sekunde sita, mahindi yanarushwa huku na huku, nguruwe mwitu wanakuja kula, na wawindaji wako juu kwenye kibanda chao wanawangoja. Siku hiyo Kiptoo alienda na familia, Mueni na binti yao Stellah wa miaka minne, wakabeba chai na mandazi.

"Hawa ni nguruwe tu, lakini wana akili kunishinda," Kiptoo alisema akimimina gunia.

"Kukushinda wewe si kazi ngumu, Baba Stellah."

Wakacheka. Akamweleza jinsi inavyofanyika. Kwanza unawalisha tu, wiki tatu, wiki nne, bunduki hakuna. Unawaacha waizoee saa. Wakishaona hapa ni kwao, ndiyo risasi.

"Na wakishapigwa?"

"Wanabadilika, mama. Hawa walikuwa wanakuja jioni, bado kweupe, na watoto wao. Alipoanguka wa kwanza wakahamia usiku, tukasogeza saa ya pipa mpaka saa nane. Sasa wanazunguka kwanza, wananusa upepo, wanasimama kwenye miti hata saa nzima. Wakisikia harufu ya mtu, hawaji. Na wale paa wadogo siku hizi wanalala chini ya dirisha la Hanna kabisa. Wamejua pale hakuna anayepiga."

Stellah aliinama akaokota punje moja. Kutoka kwenye miti, kitu kikavunja kijiti.

Kosa lilifanyika mwezi wa kumi na moja. Wawindaji walitaka kulihamisha pipa, na Hanna akamwambia Kiptoo amwage yote yaliyobaki pale pale, chini ya pipa. Yaliyoingia kwenye pipa hayarudi nyumbani kwa watu, alisema, na hakusema sababu. Kiptoo alipompigia mkewe simu kumweleza, Mueni karibu alie. Kumwaga mahindi? Yeye aliyekulia Makueni, aliyeona mwaka mzima mvua ikikataa, mama yake akiokota punje moja moja kwenye vumbi? Mkamba gani anamwaga mahindi? "Yalete," akasema. "Huyo bibi hajawahi kulala njaa."

Kiptoo akayaleta. Mueni akayaosha maji mara nne, akayatwanga kwenye kinu chake juu ya blanketi ili jirani wa chini asilalamike, akatoa maganda, akapika muthokoi na maharagwe, na ilikuwa tamu, jamani, tamu kuliko ya nyumbani. Walikula wote watatu. Stellah alilamba sahani, akalamba na mwiko.

Usiku uleule ndipo ile sauti ilipokuja.

Asubuhi alipofungua mlango, mahindi yalikuwa yametapakaa kwenye ngazi, punje safi, kavu, zimetawanyika duara, na katikati ya duara hakuna hata moja. Akafagia. Usiku wa pili, tena. Akafagia. Usiku wa tatu, tena, na asubuhi ile alikuta duara limepungua upande mmoja, upande wa mlango wao, na Stellah amekaa kitandani anatafuna.

"Unakula nini wewe? Toa!"

"Ni tamu, mamma," mtoto akajibu kwa Kiswidi, kama watoto wa huku wanavyojibu, akafungua mdomo kumwonyesha. Alikuwa amekwisha kumeza.

Basi Kiptoo akampigia Hanna. Mueni alisogeza sikio karibu na simu. Kiptoo alieleza, akajikwaa, akaeleza upya. Hanna akamkatiza.

"Mlikula?"

"Tulikula."

"Na mtoto?"

Kiptoo alisema ndiyo. Simu ikakatwa, na tangu siku hiyo Hanna hakuipokea tena, na kazini wakamwambia bibi yule ameomba aletewe mhudumu mwingine.

Wakabadilisha kitasa. Wakaweka kufuli la pili, juu, mtoto asipofika. Lakini Stellah alianza kuamka mwenyewe, saa nane kasoro kidogo, bila kuitwa. Mueni alimkuta amesimama gizani, kipaji cha uso kimegusa mlango. Anangoja. Na wawindaji walikuwa na kamera msituni, iliyofungwa kwenye mti karibu na pipa, ambayo hutuma picha kwenye simu ya Kiptoo mnyama akipita. Usiku mmoja ikatuma picha. Haikuwa ya msitu. Ilikuwa ya ngazi zao. Ilionekana imepigwa kutoka chini, kama na mtu aliyeinama. Stellah amepiga magoti ndani ya duara, mashavu yamejaa, na nyuma yake mlango umefunguka wazi. Makufuli yote mawili asubuhi yalikutwa yamefungwa.

Kwenye ukingo wa picha palikuwa na macho. Hayakuwa yakimtazama mtoto. Yalikuwa yakitazama ndani ya nyumba.

Tangu hapo wakabadilika. Hawakupitia tena mlango wa mbele wa jengo, walipitia chumba cha baiskeli, nyuma. Hawakuwasha taa. Mueni akifika kituoni hashuki kwenye treni mpaka milango inakaribia kufungwa. Kabla ya kuvuka uwanja anasimama ukutani, anasikiliza, ananusa. Ndiyo, ananusa! Alijikuta akifanya hivyo, pua juu, akaishusha upesi, kwa sababu alikumbuka aliambiwa ni nani wanaosimama hivyo.

Wakakimbilia Tensta, upande wa pili wa jiji, kwa Fébronie, dada wa kanisani, Mrundi, yule aliyempokea Mueni alipotoka hospitali kujifungua na kumwogesha Stellah wiki nzima. Hawakumwambia sababu. Walisema tu bomba limepasuka.

"Karibuni, karibuni, nyumba ni ya Mungu," Fébronie akasema. "Lakini Kiptoo akikoroma nitamlaza kwenye balkoni."

Usiku wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Mueni alilala kama mtoto. Usiku wa tatu, saa nane na dakika kumi, krrrrr, nje ya mlango wa Fébronie, na punje zikanyesha. Fébronie hakuamka.

"Baba Stellah," Mueni alinong'ona. "Ni wiki ya ngapi hii tunalishwa?"

Kiptoo akajigeuza ukutani.

"Nimekuuliza."

"Ya nne inaisha kesho."

"Wakianza kupiga huanza na nani?"

Mueni alimshika mabega akamtikisa, na ndipo Kiptoo akasema, kwa sauti ndogo, akitazama pembeni. Mama haguswi. Mama huachwa, ndiye anayezaa, ndiye anayewaongoza wengine. Huchukuliwa wadogo.

Kesho yake Mueni hakumshusha mtoto mchana kutwa. Usiku alimbeba mgongoni, akamfunga kwa leso, akafunga leso ya pili juu yake, mafundo matatu kifuani, akakaa sakafuni ameegemea ukuta, mtoto katikati. Kiptoo akakaa mlangoni. Taa zote zimewashwa. Waliomba. Waliimba kidogo. Saa nane ikafika. Dakika tano. Dakika nane. Stellah aliacha kupumua kwa nguvu, akatulia, akawa mzito.

Dakika kumi.

Hakukuwa na sauti.

Hakukuwa na sauti yoyote. Hata friji ilinyamaza. Mueni alipepesa jicho mara moja, mara moja tu, ataapa kwa lolote, na alipofumbua dirisha lilikuwa na mwanga wa asubuhi. Kiptoo alikuwa amelala kifudifudi mlangoni. Mafundo matatu ya leso yalikuwa kama Mueni alivyoyafunga. Mtoto alikuwa mgongoni, mwenye joto, anapumua. Mueni alilia kwa furaha. Akamfungua, akambusu uso, akambusu shingo, akamgeuza.

Sikio la kushoto lilikuwa na pengo. Pengo safi, la pembe tatu, limekatwa ukingoni, kama wafugaji wanavyokata masikio ya mbuzi ili kila mtu ajue ni wa nani. Hapakuwa na damu. Kovu lilikuwa limekauka, jeupe, la zamani.

Alipiga ukelele uliomwamsha Fébronie. Akamweleza yote, mahindi, pipa, picha, mbio mbio, maneno yakipandana, na Fébronie akasikiliza amemshika mikono, mpaka akafika kwenye sikio.

"Mueni, mdogo wangu," akasema polepole. "Hilo sikio si ndilo alilozaliwa nalo? Mimi nimelisafisha kwa pamba kwa mikono yangu hii."

Mueni akachukua simu. Akatafuta picha za hospitali, mtoto wa siku moja, amefungwa blanketi. Pengo lilikuwepo. Akatafuta za ubatizo. Lilikuwepo. Akatafuta ile picha ya ngazini. Haikuwepo. Akamgeukia mumewe.

"Baba Stellah, mwambie."

Kiptoo alitazama sakafu.

"Lilikuwepo," akasema.

Fébronie alifunga mlango wa chumba, ingawa nyumbani hapakuwa na mwingine, akaongea kama mtu anayemtuliza mgonjwa. Akasema hapa si kwetu. Akasema ukienda kwa daktari na maneno haya, au mwalimu wa chekechea akikusikia, wataandika, watu wa ustawi wa jamii watakuja na karatasi, watamchukua mtoto, na kuyafuta yaliyoandikwa hutaweza. Akamtaka aape.

Stellah alikuwa amekaa katikati yao, mtulivu, anamtazama mama yake bila kupepesa. Mueni akamvuta kifuani, akalifunika lile sikio kwa kiganja, na kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri akaapa kwamba hatamwambia mtu mwingine.