Wino Usiochujuka

Jorun alipenda kuchora jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na joto. Siku hiyo mumewe, Hanus, alikaa upande wa pili wa meza akimenya viazi. Nje upepo ulivuma kutoka baharini. Kondoo walikuwa wamejibanza nyuma ya ukuta wa kanisa.

"Sogeza viazi vyako," Jorun alisema. "Unawarushia watu maji usoni."

Hanus aliinama akaangalia karatasi. Akaona uso wa mwanamke mwenye kitambaa kichwani na macho makali.

"Huyu anaonekana kama atanigombeza," alisema.

"Angekugombeza kweli. Viazi unavimenya vibaya."

Jorun alikuwa na kazi aliyojipa mwenyewe. Aliwachora wanawake wa kijiji chao, pale kwenye kisiwa cha Suduroy, kaskazini ya mbali, waliofanya kazi ya samaki wa chumvi zamani. Waliwasugua samaki kwa maji ya baridi kali. Waliwaanika juu ya mawe na kuwafunika mvua ilipokuja. Kila mtu kisiwani alikula kwa kazi ya mikono yao, lakini hakuna aliyewahi kuwachora. Jorun alichora kwa kalamu na wino mweusi, na vivuli vya kijivu alivitia kwa brashi.

Mchoro ukiisha, aliuingiza kwenye kompyuta na kuuchapa uwe kadi. Printa yake ilikuwa ndogo, ilikaa juu ya friji. Nyuma ya kila kadi aliandika jina kamili la mwanamke yule na kazi aliyoifanya. Kadi ziliuzwa mjini Torshavn, katika duka la zawadi la bwana mmoja aliyeitwa Eydfinn. Watu wa kijijini nao walizinunua. Waliwaweka mama zao na bibi zao madirishani.

Majira ya joto yakapita. Ndipo Bibi Sunnuva alipokuja akigonga mlango kwa fimbo. Kati ya wanawake wote waliochorwa, ni yeye peke yake aliyekuwa bado hai. Aliingia bila kungoja jibu, akaweka kadi yake mezani.

"Jorun, hebu nitazame. Naumwa?"

"Hapana, Bibi. Kwani vipi?"

"Basi mbona nimekuwa kijani?"

Hanus alicheka. Kisha akaiona kadi, akaisogeza karibu na macho. Mashavu ya Bibi Sunnuva yalikuwa na rangi ya majani. Nywele zake zilikuwa zimefutika, na paji la uso lilikuwa limepotea kwenye weupe wa karatasi.

"Ulikuwa umeiweka wapi, Bibi?" Jorun aliuliza.

"Dirishani. Nilitaka wapita njia wanione."

"Basi ni jua."

"Jua gani?" Hanus alidakia. "Mwaka huu jua tumelisikia redioni tu."

Lakini haikuwa kadi moja. Wiki hiyo hiyo Eydfinn alikuja kwa feri, na boksi mkononi. Alikunywa kahawa, akala mkate na nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo, akasifu nyama. Kisha akafungua boksi. Kadi zote zilizokaa kwenye dirisha la duka lake zilikuwa zimeharibika. Nyingine zilikuwa za kijani, nyingine karibu nyeupe.

"Wateja wanazirudisha, mama Jorun," alisema. "Nina wazo. Nipe michoro yenyewe. Nitaipeleka kiwandani nje ya nchi. Watatia rangi kidogo. Mashavu mekundu, vitambaa vya buluu. Na haya majina tuyatoe. Mtalii hataki jina asiloweza kulitamka. Tutaandika 'Bibi wa Visiwani', basi."

"Bibi wa Visiwani ndiye nani?"

"Ni yeyote tu."

"Hakuna yeyote hapa," Jorun alisema. "Huyu ni Elspa. Alijifungua asubuhi, na jioni alirudi kuwafunika samaki kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Huyu ni Billa. Aligoma na wenzake mpaka wakapewa glavu. Unataka niwafute?"

"Mimi siwafuti. Printa yako ndiyo inayowafuta." Eydfinn aligonga boksi kwa kidole. "Wewe ni mchoraji hodari. Uchapaji waachie wenye mitambo. Kadi ya kudumu haitoki jikoni."

Maneno yale yalimchoma Jorun, hasa kwa sababu boksi lilikuwa pale na hakuweza kulikana. Alisimama, akafunga boksi.

"Michoro sitoi. Majina hayatoki. Kadi nitachapa mimi, humu humu jikoni, na zitadumu."

Eydfinn alipoondoka, Hanus alimtazama mkewe.

"Utafanyaje zidumu?"

"Sijui."

"Mbona umemjibu kama mtu anayejua?"

"Nitajua," Jorun alisema, akavaa koti.

Alikwenda kwa jirani yao, Marjun. Marjun alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho, akitunza picha na karatasi za zamani. Alipostaafu alirudi kisiwani kufuga bata. Alichukua kadi ya kijani, akaipeleka karibu na taa, akaitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Njoo uone mwenyewe," alisema. "Hapa shavuni unaona nini?"

Jorun alitazama. Alidhani ataona kijivu. Badala yake aliona vitone vya buluu, vya waridi na vya njano.

"Kijivu kiko wapi?"

"Hakipo. Printa yako ina wino mweusi mmoja tu. Ikitaka kijivu, inachanganya rangi. Wewe ukitazama kwa mbali, unadhani ni kijivu. Sasa, mwanga unaila ile rangi ya waridi kwanza. Buluu na njano zinabaki. Buluu na njano zikikaa pamoja ni nini?"

"Kijani!" Jorun alipiga paja lake. "Basi ndiyo maana Bibi Sunnuva amekuwa chura."

"Usimwambie hivyo, atakupiga fimbo."

Marjun alileta glasi mbili za maji. Katika ya kwanza alikoroga sukari. Katika ya pili alitia masizi laini aliyokwangua kwenye jiko.

"Kuna aina mbili za wino," alisema. "Mmoja ni kama sukari hii. Rangi imeyeyuka kabisa majini. Unang'aa na ni rahisi, lakini mwanga unaumaliza haraka. Hata mwanga wa siku ya mawingu, hata moshi na hewa chafu ya jikoni. Wino wa pili ni kama masizi haya. Haujayeyuka. Ni chembe ndogo ndogo zinazoelea. Kila chembe ni kama kokoto. Mwanga ukiparuza juu, ndani bado ipo. Huo ndio unaoitwa wino wa chembe. Ule mweusi wake hutengenezwa kwa kaboni, yaani ndugu yake masizi."

"Kwa hiyo ninunue wino wa chembe, niutie kwenye printa yangu?"

"Hapana! Utaziba matundu yake madogo. Kila printa imetengenezwa kwa wino wake. Tafuta printa iliyoundwa kwa wino wa chembe tangu mwanzo. Na iwe na mweusi zaidi ya mmoja. Mweusi, kijivu, na kijivu chepesi, kila mmoja katika chupa yake. Hapo kijivu kitakuwa kijivu kweli."

Jorun aliigeuza kadi mkononi. "Wino wangu niliununua kwa sababu ulikuwa rahisi," alisema. "Boksi lake liliandikwa 'hudumu milele'."

"Boksi halina aibu," Marjun alijibu.

Jumatatu Jorun na Hanus walipanda feri kwenda mjini. Katika duka la kompyuta, muuzaji aliwaonyesha printa moja nyeupe, nzuri sana.

"Hii rangi zake zinang'aa kama maisha yenyewe," alisema.

"Sikuulizi kama zinang'aa," Jorun alisema. "Wino wake ni wa kuyeyuka au wa chembe?"

"Ni wino bora, mama."

"Kila mtu anauza bora. Ni wa chembe?"

Muuzaji alisoma karatasi ya maelezo. "Wa kuyeyuka."

"Weka pembeni. Ile kubwa pale?"

Ile kubwa ilikuwa ya wino wa chembe, na weusi na vijivu vyake vilikuwa vimetengwa. Jorun hakuridhika bado. Aliuliza kama inapitisha karatasi nene kwa nyuma bila kuikunja. Aliuliza kama wino wake utaendelea kupatikana. Aliomba wamchapie mchoro wa Billa hapo hapo, ili aone vivuli. Billa alitoka mashineni akiwa mweusi na kijivu, bila kijani wala waridi. Macho yake yalikuwa yamekaza.

Hanus aliposikia bei, alitafuta kiti.

"Ile injini ya mashua tuliyokuwa tunaiwekea akiba," alisema taratibu, "kwani ina haraka gani?"

Jorun alimshika mkono, akaubana.

Nyumbani, Marjun alikuja kuwaonyesha mambo yaliyobaki. Alilaani karatasi ya Jorun mara tu alipoiona.

"Nyeupe mno," alisema. "Imetiwa dawa ya kung'arisha, kama ile ya sabuni ya mashati. Dawa ikiisha nguvu, karatasi inageuka njano. Tumia karatasi ya pamba, isiyo na tindikali wala dawa hiyo. Weupe wake umetulia, kama maziwa. Na hii haing'ai, kwa hiyo iambie printa itumie ule wino mweusi ulioundwa kwa karatasi zisizong'aa. Kadi zikitoka, ziache zikauke siku nzima kabla ya kuzitia kwenye mifuko. Na kila wiki uchape kitu, hata kadi moja. Printa ya namna hii ikikaa bure, wino unakauka matunduni."

"Sasa zitadumu?" Jorun aliuliza.

"Mimi nadhani hivyo. Lakini usiniamini mimi, wala mwenye duka. Jaribu."

Wakajaribu. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, Jorun alibandika kadi nne kwenye dirisha linalotazama kusini. Moja ilichapwa kwa printa ya zamani. Ya pili ilikuwa ya wino mpya juu ya karatasi ile nyeupe mno. Ya tatu ilikuwa ya wino mpya juu ya karatasi ya pamba. Ya nne ilichapwa kwa printa ya unga ya shule, inayochoma unga mweusi kwenye karatasi. Kila kadi aliifunika nusu kwa kadibodi nene, ili nusu moja ipigwe na mwanga na nusu nyingine ibaki gizani.

Kijiji kizima kilipita pale dirishani.

"Jorun!" mvuvi mmoja alipiga kelele kutoka barabarani. "Unaanika kadi kama samaki?"

"Samaki walianikwa hapa, wakafika Hispania bila kuoza!" Jorun alijibu. "Wewe pita!"

Mwanga wa majira ya joto ulikuja, ule usiotaka kuzima hata usiku. Mara mbili Eydfinn alipiga simu kuuliza kama amebadilisha mawazo. Mara zote mbili Jorun alimwambia dirisha bado linafanya kazi.

Vuli ilipoanza, walikusanyika jikoni, Jorun, Hanus, Marjun na Bibi Sunnuva. Jorun alibandua kadibodi moja moja. Kadi ya zamani ilikuwa na mstari wazi katikati. Upande mmoja ulikuwa na mwanamke, upande wa pili na kivuli cha kijani. Katika kadi ya pili uso ulikuwa mzima, lakini karatasi ilikuwa imegeuka njano. Kadi ya printa ya unga ilikuwa bado nyeusi kabisa, ila vivuli vyake vilikuwa vya madoadoa tangu mwanzo. Hiyo ilifaa kwa maandishi tu.

Katika kadi ya pamba, Jorun alitafuta mstari. Aliigeuza huku na huku. Alimpa Marjun, naye akatumia kioo chake.

"Siuoni," Marjun alisema.

Jorun aliipokea kadi, akaiweka mezani. Alikwenda kusimama karibu na jiko akawapa mgongo, mpaka pumzi yake ilipotulia.

Alizipeleka mwenyewe kadi zote nne kwa Eydfinn. Eydfinn alizitazama kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda biashara tu.

"Sawa," alisema. "Nilikosea kuhusu jikoni. Nitazichukua. Lakini majina…"

"Majina nimeyahamisha," Jorun alisema.

"Ah, vizuri."

"Sasa yako mbele. Chini ya uso. Kwa herufi kubwa."

Eydfinn alicheka. "Watalii watayatamkaje?"

"Watajikwaa mpaka wazoee."

Kadi ziliuzwa. Wapo waliouliza Elspa alikuwa nani, na Eydfinn alilazimika kujifunza kuwaeleza. Wale wa kijijini waliobadilishiwa kadi zilizoharibika walishauriwa na Marjun waziweke nyuma ya kioo, mbali na jua la moja kwa moja. Wino mzuri nao si wa kuchokozwa.

Kisha Jorun alifanya jambo bila kumwomba mtu ruhusa. Alichapa nyuso zile kubwa, kwa wino ule ule na karatasi ile ile. Hanus alitengeneza fremu. Jumamosi moja waliingia katika ukumbi wa kijiji, ambako ukuta wote ulikuwa wa picha za manahodha, na wakawatundika wanawake katikati yao. Ilibidi manahodha wachache wasogee.

Mwenyekiti wa ukumbi alifika mbio, kofia mkononi.

"Jorun! Nani kakupa ruhusa ya kugusa ukuta huu?"

Bibi Sunnuva alikuwa ameketi chini ya picha yake, fimbo magotini.

"Mimi," alisema. "Fedha za samaki wetu ndizo zilizoujenga. Una swali lingine?"

Mwenyekiti alimtazama yeye, akatazama picha iliyo juu yake. Macho yalikuwa yale yale. Alitundika kofia yake msumarini, akamuuliza Hanus kama anahitaji mtu wa kumshikia ngazi.