Taa Isiyomwona Illuminée

Taa ya uani iliwaka bila mtu siku ya Jumanne, saa moja jioni, Callixte akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akimngoja mkewe. Uani palikuwa na bomba la maji, kamba ya nguo na ukuta wa mawe meusi ya volkano, basi. Taa ikakaa nusu dakika, ikajizima. Callixte akasema moyoni kwamba ni paka, akarudi ndani.

Taa yenyewe ilikuwa mpya. Wezi walikuwa wameruka ukuta na kubeba nguo zote kwenye kamba, ndipo Callixte akanunua taa ya sensa, zile zinazowaka zenyewe mtu akipita chini yake na kujizima akishaondoka. Yeye alikuwa karani katika ofisi ya serikali hapo mjini Gisenyi. Mkewe, Illuminée, aliuza vitenge. Alivuka mpaka kwenda Goma kila asubuhi na kurudi giza likikaribia. Wote wawili walizaliwa upande ule wa Kongo, na nyumbani walisema Kiswahili cha huko. Binti yao Belyse alikuwa chuoni Huye, kwa hiyo nyumba ilikuwa yao wawili.

Jioni ya tatu walikuwa mezani, wakaiona kupitia dirisha. Ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Mara sita.

"Papa Belyse," Illuminée akauliza, "taa yako iko naona nani?"

"Majani ya mugomba. Upepo."

Jumamosi Callixte akakata majani yote ya mgomba yaliyoegemea ukutani. Akapanda juu ya stuli, akafuta uso wa sensa kwa kitambaa chenye maji, akazungusha kile kitufe kidogo cha kupunguza ukali wake mpaka kikagota. Jioni taa ikawaka kama kawaida yake. Siku ya pili balbu ikafa. Akaweka nyingine, nayo ikaishi siku nne. Ya tatu pia siku nne. Alipoifungua hiyo ya tatu aliinusa, maana alitegemea harufu ya waya ulioungua, lakini harufu iliyomjia ilikuwa ya nguo mbichi chini ya pasi ya moto. Akageuka kutazama kamba. Hapakuwa na nguo.

Ndipo akamwita Tuyisenge, fundi wa umeme aliyeheshimika, mtu mzima aliyefunga taa katika hoteli kadhaa kando ya ziwa. Tuyisenge alifika jioni, akapima nyaya, akafungua maungio yote, akabadilisha hata sensa na kuweka nyingine kutoka kwenye mfuko wake. Kisha akasimama katikati ya uwanja akijipangusa mikono.

"Patron, iyi haina shida. Sensa haionake mutu na macho. Iko naona joto. Kitu ya moto ikipita mbele yake, inawaka. Jiwe haiiwashe, nguo haiiwashe."

"Na kama hakuna mutu?"

"Kama imewaka, donc kuna kitu ya moto imepita." Akacheka kidogo. "Mama, pita hapo tuone."

Illuminée akatoka jikoni, akapita mbele ya ukuta. Taa haikuwaka.

"Pita tena, pole pole."

Akapita tena. Giza lilikuwa limeingia vizuri, na waliona tu weupe wa kanga aliyojifunga kichwani ukienda na kurudi. Tuyisenge akapita mwenyewe, taa ikawaka. Callixte akapita, ikawaka. Illuminée akasimama chini yake kabisa, akainua mikono yote miwili, akaipunga kama anayemwita mtu wa mbali, na taa ikabaki imekufa.

"Pengine nguo zake ni nzito, zinafunika joto," Tuyisenge alisema. Lakini alisema hayo akiwa ameinama anakusanya bisibisi zake, na hakungoja chai aliyokuwa amewekewa jikoni.

Callixte akamshika mkewe mkono. Ulikuwa baridi kama bomba la maji asubuhi.

"Tangu lini uko hivi?"

"Sijue." Illuminée alizungumza chini chini, akitazama ukuta. "Siku moja nilikuwa nafua nguo pale. Nikasikia mutu amenipumulia kwa shingo. Pumuzi ya moto. Nilizani ni wewe. Nikageuka, hapana mutu. Kisha baridi ikaanza kwa vidole."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

Kesho yake Callixte akaitoa balbu kabisa. Akafikiri kwamba kisichoonekana hakitasumbua. Lakini ilipofika saa moja, wakiwa wamekaa sebuleni, mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo, walisikia sapati, zile ndara za nyumbani, zikiburuzwa uani, sapati za mtu asiye na haraka, zikatoka ukutani mpaka bombani, zikatoka bombani mpaka dirisha la jikoni, zikasimama. Na Callixte, aliyeishi na mwendo huo miaka ishirini, akaujua kabla hajataka kuujua, mguu wa kulia ukiburuta kidogo kuliko wa kushoto, akamtazama mkewe aliyekaa pembeni yake, miguu yake imo ndani ya soksi mbili mbili, na sapati zake ziko chini ya kiti.

"Irudishe," Illuminée akanong'ona. "Irudishe ampuli. Afazali tujue iko wapi."

Akairudisha. Akaongeza na taa ya pili ya sensa pembeni mwa nyumba, na ya tatu juu ya mlango wa nyuma, akidhani mwanga mwingi utaifukuza. Hazikuifukuza. Ziliwaonyesha tu inakopita. Jioni moja iliishia ukutani, jioni nyingine ilifika pembeni, na ndani ya juma moja taa ya mlangoni ikawa inawaka bila kuzimika, kama vile mtu amekuja kusimama pale na hana mahali pengine pa kwenda.

Illuminée hakuvuka tena mpaka. Hospitali walimpima joto, muuguzi akatikisa kichwa, akaleta kipimo kingine, kisha cha tatu. Kila kimoja kilisema digrii thelathini na tatu. Damu ilikuwa safi. Moyo ulikuwa mzima. Wakampa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia avae vizuri. Padri akaja, akanyunyizia maji ya baraka vyumba vyote na uani, akasali nao rozari hadi mwisho. Illuminée akalia kwa shukrani, na machozi yake, aliyoyapangusa Callixte kwa mkono, hayakuwa na joto lolote.

Baba mdogo wa Callixte alikuwa Mwislamu, ndiye aliyewaelekeza kwa Mwalimu Niyonzima, mzee aliyefundisha watoto Kurani na kuwasomea watu wenye majini. Mwalimu alifika alasiri. Alimsomea Illuminée mkono ukiwa juu ya kichwa chake, akisubiri kile alichokizoea: kutetemeka, sauti ngeni, jina. Illuminée alikaa tu, akimtazama kwa macho yake mwenyewe, akisema "ndiyo, Mwalimu," kila alipoulizwa kama anasikia. Mzee akatoka uani peke yake. Walimsikia akisoma kwa muda mrefu, sauti ikipanda, na jua lilipozama taa zote tatu zikawaka pamoja. Aliporudi ndani alikuwa amekunja kiganja chake cha kulia. Kilikuwa chekundu.

"Nimegusa ukuta," akasema. "Iko moto kama jiko."

"Itatoka?" Callixte akauliza.

Mwalimu akaketi. Akanywa maji, akaweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu, sitakudanganya. Hawa viumbe waliumbwa na moto. Huyu moto wake ulikuwa umezimika, sijui tangu lini, sijui kwa nini, akapata wa mukeo. Jini akimuingia mutu, ninamusomea, anatoka. Lakini mama huyu hajaingiliwa na kitu. Yeye ndiye anatolewa, kidogo kidogo. Sina dua ya kumurudisha mutu ndani yake mwenyewe. Mutoe hapa. Leo."

Jioni ile ile walipanda kwenda Nyundo kwa Murekatete, dada yake Callixte, na furushi moja la nguo. Murekatete hakuuliza mengi. Aliweka jiko la makaa chumbani, akaleta mablanketi matatu, akampikia wifi yake uji wa mtama kila asubuhi. Juma la kwanza Illuminée alikula. Juma la pili alicheka mara moja, Murekatete alipoisimulia harusi yao ya mvua, na Callixte akatoka nje ili asionekane analia kwa furaha. Kipimo kilisema thelathini na tatu na nusu. Wakakichukua kama ushindi.

Siku ya ishirini Callixte alishuka Gisenyi mchana kuzima umeme wa nyumba na kuchukua godoro. Getini akamkuta jirani yao Kabatesi, mama mzee ambaye hawakuwa wamemwambia lolote, anafagia mbele ya kwake.

"Kumbe mumerudi," Kabatesi akasema. "Mungu asifiwe. Jana jioni nimemusalimia mama Belyse hapa getini."

Callixte akatoa ufunguo mfukoni.

"Amepona kabisa, amenenepa hata. Kanipa mukono. Ile mukono iko moto, nikamuambia, mama, kunywa maji mingi, hiyo ni homa. Akacheka tu."

Callixte alikuwa ameshachomeka ufunguo kwenye kufuli. Kutoka ndani, nyuma ya geti, ikamjia harufu ya nguo mbichi chini ya pasi, kisha sauti aliyoizoea kuliko zote duniani, sauti yenye afya, isiyo na haraka.

"Papa Belyse? Ni we? Ingia basi, chai iko tayari."

Aliuacha ufunguo pale pale. Alitembea mpaka barabara kuu, akapanda pikipiki kurudi Nyundo.

Illuminée alikuwa amelala chini ya mablanketi matatu, uso wake ukielekea jiko. Alipomsikia akafumbua macho.

"Umezima umeme?"

"Nimezima."

"Na nyumba? Iko salama?"

"Iko salama."

Akavua koti, akaingia chini ya mablanketi pamoja naye, akaichukua mikono yake miwili na kuiweka mdomoni. Akaipulizia pumzi yake, moja baada ya nyingine, mpaka kukacha, na mikono haikupata joto.