Utani Uliofika Sokoni

Kila asubuhi Lydie alipita kwa Chance, kule mtaa wa Simi-Simi, wakaenda shule pamoja. Wasichana hao walikaa dawati moja. Njiani Chance alizungumza bila kukoma: bei ya makemba, zile ndizi za kupika, treni ya Ubundu iliyokwama, kila kitu. Lakini akishika kalamu, basi, kimya. Herufi zilimchezea. Alikuwa mwaka wa nne, na bado hakuweza kutofautisha b na d.

Siku moja mwalimu wao, Madame Adèle, alimwita ubaoni aandike "baba." Chance akaandika "dada." Darasa zima likaangua kicheko.

"Piga magoti hapo!" Madame alisema. "Uvivu gani huu?"

Chance alipiga magoti. Hakuweza kutulia, akajisogezasogeza, akaangusha chaki, akafokewa tena.

Wakati wa mapumziko Glodi, mwanafunzi mwenzao, aliuliza, "Lydie, rafiki yako iko na nini?"

Lydie hakutaka kuchekwa pamoja na Chance. "Haujui? Ule anageuzaka watu. Baba yake mwenyewe, amemugeuza!"

Wakacheka mpaka machozi. Ulikuwa utani wa ubaoni tu. Lakini Glodi aliupeleka nyumbani, mama yake akaupeleka sokoni, na huko hakuna aliyejua habari ya ubao. Ulifika kwenye meza ya tantine Angélique, shangazi aliyemlea Chance, ukiwa umebaki hivi: mtoto huyu amegeuza baba yake. Na baba yake Chance, kaka wa Angélique, alikuwa amezama mtoni karibu na Yanonge, na maiti yake haikuonekana. Watu wakasema mtoto ni ndoki, yaani mchawi, na ndiye aliyemuua baba yake.

Siku chache baadaye Lydie alikuta nguo za Chance zimetupwa nje ya nyumba. Tantine alikuwa mlangoni, macho yamevimba.

"Chance iko kwa pasta, mu chumba ya maombi. Hatakula mpaka aseme ukweli. Na hapa kwangu, harudi tena."

"Ukweli gani, tantine?"

"Ule munasemaka nyinyi wenyewe kule ku masomo! Namna alikula kaka yangu!"

Lydie akaukumbuka utani wake. Akisema, atachapwa. Akinyamaza, rafiki yake atalala barabarani, kama watoto wale wanaofukuzwa makwao. Alikimbia mpaka shuleni, akamwambia Madame Adèle yote. Madame akachukua mkoba wake. Wakampitia tantine, wakaenda kwa pasta.

"Ni mimi," Lydie alisema mbele yao, akiandika zile herufi mbili udongoni kwa kidole. "Aliandika baba ikawa dada. Nilikuwa nacheka tu. Yeye hajafanya kitu."

"Mtoto amekwisha kukubali," pasta alijibu.

"Mtoto mwenye njaa anakubali kila kitu, papa pasta," Madame alisema. "Hata mimi ningekubali."

Chance akatolewa nje. Midomo ilikuwa imepasuka, miguu inatetemeka. Alimtazama mwalimu wake.

"Madame, nimeshasema ndiyo. Sasa naweza kula?"

Tantine Angélique alitoa sauti kama mtu aliyechomwa. Alifungua kikwembe chake cha juu, akamfunika mtoto, akambeba mgongoni. Hakumuaga pasta.

Chance aliporudi darasani, Madame alimweka mbele. Alimsomea maswali, Chance akajibu kwa mdomo, na akajibu vizuri. Herufi alizifuata kwa kidole kwenye sinia la mchanga, moja moja. Akishindwa kutulia, alitumwa kufuta ubao, kisha akarudi kazini. Lakini njiani hakuzungumza tena, na kwa Lydie hakurudi kukaa. Lydie aliona mgongo wake tu.

Siku moja Madame Adèle aliweka chaki chini.

"Nimemuuliza mwenzangu anayefundisha watoto wenye ulemavu. Kuna watoto wenye macho mazima na akili nzima, lakini herufi zinawapotea. Si uvivu, na si uchawi. Wanataka kufundishwa kwa njia nyingine. Mimi nilimpigisha mmoja magoti, na hapo ndipo ninyi mlipojifunza kumcheka. Nilikosa. Lydie alisema ukweli, na ukweli huo umemrudisha mwenzenu nyumbani. Ila ulichelewa. Basi mkitaka kumtania mtoto mwenzenu, mjue neno lenu litafika kwa watu ambao hawatajua kwamba mlikuwa mnacheka."