Tangazo la Tatu

Haya yalimpata rafiki yangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake. Tuliacha shule mwaka mmoja, naye akaenda kujifunza ufundi wa simu dukani kwa shangazi yake.

Mchana mmoja shangazi alimtuma stoo akajaribu simu kuukuu. Simu nzima, hata isiyo na laini, husikiliza mnara wa mtandao na kuonyesha orodha ya matangazo ya sauti yanayorushwa, kama redio. Stoo ile haina dirisha, na shangazi huifunga kwa nje kwa kuogopa wezi.

"Ukimaliza niite. Usinilalie humo, we kijiti!" shangazi alisema akimfungia.

Kila simu ilionyesha matangazo mawili. Ya mwisho ikaonyesha la tatu, lisilo na jina. Sindano akalifungua. Akasikia maji yakidondoka, sawasawa na bomba bovu la mle stoo. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe: "Shangazi, nimemaliza, nifungulie."

Ndani ya simu kufuli likafunguliwa, ndara zikaburuzika kwenda dukani. Mlango uliokuwa mbele yake haukusogea.

Sindano akaugonga kwa ngumi zote mbili. "Shangazi! Nifungulie!"

"Nani huyo?" shangazi akauliza kule dukani. "Sindano si huyu hapa, nimeketi naye?"