Shimo la Nne

Walikuwa watu watatu kwenye sinia, na pilau ikaliwa mahali panne.

Sheikha aliliona hilo Jumapili mchana, siku ya nane tangu warudi kutoka Malta, alipoinama kuondoa sinia mkekani. Kwao Wete, Pemba, wanaokula pamoja kila mmoja hula mbele yake. Huchovyi mkono upande wa mwenzako, huo ni ulafi, na Sheikha hakuwa mtu wa kuvumilia ulafi nyumbani kwake, hata kama nyumba yenyewe ni fleti ya ghorofa ya tatu Wembley. Kwa hiyo ukilitazama sinia baada ya kula, unajua nani alikaa wapi na kala kiasi gani. Shimo la mumewe, Himid, lilikuwa kubwa, kama ada yake. Lake yeye la kiasi. La binti yao Haifa, mtoto wa miaka minane, dogo. Na pembeni ya la Haifa, pasipokaa mtu, palikuwa na shimo la nne, limechimbwa mpaka chini kwenye bati, na wali wa kingoni umerowa.

"Himid, umekula upande wa mtoto?"

"Mimi? Mbele yangu penyewe sijapamaliza, niende kuhujumu kwa watu?" Himid alikuwa dereva wa basi, na mzaha kwake ni kama pumzi.

Sheikha akaonja ule wali uliorowa. Chumvi kali, chumvi ya maji ya bahari. Akajiambia pengine mkono umemponyoka wakati wa kuunga, akaenda kuosha vyombo. Na nani asingefanya hivyo? Mtu hapigi yowe kwa sababu ya chumvi.

Safari yenyewe aliitaka Himid. Miaka kumi anawazungusha watu London, alisema, na yeye angalau siku moja azungushwe. Walipofika Malta akakodi boti ya peke yao, kutwa nzima, kukizunguka kisiwa. Nahodha alikuwa mzee wa huko huko, Karmenu, na Himid alifurahi kupita kiasi alipomsikia anahesabu namba kama Mwarabu. Sheikha, ambaye haamini chakula cha watu, alikuwa ameamka alfajiri kupika pilau kwenye jiko la nyumba waliyopanga, akaitia kwenye hotipoti, akaifunga na kanga juu.

Adhuhuri wakafika mbele ya pango, maji ya buluu mpaka yanatia kizunguzungu. Himid akasema njaa inamuuma na hapa pana kivuli, tule hapa hapa. Karmenu akajikuna kichwa. Akawaambia watu wa kwao hapa hupita tu, hawali, kuna mahali pazuri zaidi mbele. "Mzee, pilau haina subira," Himid akajibu. Karmenu akazima injini, akaenda kukaa kule mbele ya boti na sigara yake, wala chakula hakukigusa.

Sasa, Sheikha ana ada moja aliyozaliwa nayo. Ukila na mtu akakuona, umkaribishe. Hata kama humjui, hata kama chakula hakitoshi. Unasema "karibu," naye kwa adabu anajibu "ahsante, nishakula," mambo yanakwisha, kila mtu roho yake safi. Miaka kumi na moja London Sheikha amewanong'oneza karibu abiria wa treni juu ya kipande cha mkate, nao wanahama viti. Himid humcheka mpaka machozi yanamtoka.

Basi siku ile alipoinua macho akamwona mtu amesimama juu ya jiwe ndani ya kivuli cha pango. Mtu mzima, amerowa, anaitazama hotipoti. Hayakuwa macho ya mtu mwenye hamu ya pilau. Yalikuwa macho ya mtu mwenye njaa ya muda mrefu.

"Karibu!" Sheikha akasema, na kijiko juu.

Na Haifa, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza kama watoto wote waliozaliwa huku, alifanya kama alivyofunzwa. Akasogea, akampisha mgeni nafasi ya kukaa.

Yule mtu hakusema nishakula. Aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akashuka majini, na maji hayakutoa sauti.

"Unazungumza na nani?" Karmenu akauliza. Sheikha akamwonyesha jiwe. Mzee akalitazama lile jiwe tupu, akapiga ishara ya msalaba, akawasha injini watu wangali na matonge mikononi. Gatini walipomuaga aliangalia miguu yake tu.

Hiyo ndiyo safari. Walirudi na picha mia mbili.

Baada ya ile Jumapili, shimo la nne likawa kila siku. Sheikha aliacha sinia, akampakulia kila mtu sahani yake. Haikusaidia kitu. Sahani ya Haifa ikawa inakwisha upesi kuliko zote, na mtoto anasema bado ana njaa. Anaongezwa, kinakwisha. Anaongezwa tena. Na huku anakonda. Wiki ya pili sketi ya shule ikawa inashikwa na pini. Wiki ya tatu mwalimu akapiga simu kusema Haifa analala darasani, na kwamba chakula chake cha mchana kila siku kina maji, je, kopo la maji linavuja? Daktari akapima damu, akapima kila kinachopimika, akasema hajaona ugonjwa. Kisha akauliza kwa upole, na upole ule ulimchoma Sheikha kuliko tusi, "Nyumbani mtoto anakula?"

"Anakula!" Sheikha alisema, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni. "Wallahi anakula kuliko baba yake!"

Wakapewa tarehe ya kulazwa, Jumatatu ijayo, na karatasi ya kuandika kila anachokula.

Asubuhi moja, Himid yuko kazini, jua la kweli kweli dirishani na kelele za watu wa mechi zimeshaanza barabarani, Sheikha aliweka uji mbele ya mwanawe akageuka kuzima jiko, na akiwa amegeuka hivyo akasikia kutafuna, si kutafuna kwa mtoto, kutafuna kwa taratibu kwa mtu mzima asiye na haraka kwa sababu anajua hakuna wa kumuondoa, kukifuatiwa na kumeza kuzito, na pamoja na kumeza ikaja harufu ya jiwe bichi na mwani uliooza, ikamjaa puani mpaka kooni, naye akasimama vile vile mkono kwenye jiko, hawezi kugeuka, hawezi kusema bismillahi, hata jina la mtoto wake limemkwama, mpaka aliposikia kijiko kimewekwa chini. Alipogeuka, Haifa alikuwa ameshika kijiko chake kisafi, hajaonja. Bakuli lilikuwa tupu. Kiti cha pembeni kilikuwa kinachuruzika maji.

"Haifa," akanong'ona, "nani kala?"

Mtoto akamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba ni yule mgeni wa Mama. Hakutaka kusema mapema. Mama mwenyewe alimfunza kwamba ni aibu kumsema mgeni kwa anachokula.

Jumamosi hiyo akaja Maalim Abdulwakil kutoka Walthamstow, mzee wa Kiunguja anayeuza vitambaa sokoni siku za kazi. Alikuja kwa treni, chetezo ndani ya mfuko wa plastiki. Alipofukiza ubani king'ora cha moshi kikalia, na Himid akapanda kiti kukipepea kwa taulo huku akiomba radhi kwa majirani ukutani. Siku nyingine wangecheka.

Maalim aliwasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bora yeye anakula kwenu. Mngekula nyinyi kwake nisingepanda treni. Aliyeonja chakula chao harudishwi na kisomo, hilo walimu wangu wote walikubaliana." Akaamuru sinia liandaliwe kama kawaida, watu wakae, Haifa mahali pake. Akaanza kusoma.

Alisoma mpaka shati likamganda mgongoni. Moshi wa ubani, badala ya kupanda, ulishuka chini kama unabonyezwa na kitu, na ile harufu ya pango ikaufunika, na wali mbele ya nafasi tupu ukaanza kuzama, kidogo kidogo, shimo likifunguka mbele ya macho yao wote wanne, na hakuna aliyeweza kuinua hata kidole.

"Umeingiaje nyumba hii?" Maalim akauliza.

Mdomo wa Haifa ukafunguka. Sauti haikuwa yake. "Nilikaribishwa."

"Na nani?"

"Na mama mtu. Wengi wamepita pangoni kwangu. Hakuna aliyewahi kunikaribisha."

Maalim akafunga msahafu polepole. Akamgeukia Sheikha, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeishiwa. "Mwanangu, mwizi namtoa. Huyu ni mgeni, kaingia kwa mlango. Mimi sina amri juu ya mgeni wako. Mtoe wewe, kwa ulimi ule ule."

"Lakini alijuaje Kiswahili, Maalim?" Himid akasema, kama kwamba hilo ndilo tatizo.

"Hata paka anajua akiitwa kula. Sema, binti."

Sheikha alilitazama sinia. Mama yake, nyanya yake, hakuna hata mmoja aliyewahi kumfukuza mtu sinia likiwa chini. Akautazama mkono wa Haifa, mifupa mitupu. "Inuka," akasema. "Chakula hiki si chako. Nyumba hii si yako. Sikukaribishi tena. Inuka uende!"

Kisha ile sauti, bila hasira, na hilo ndilo lililowatisha zaidi, ikasema, "Nimekula kwenu. Mmenitendea wema. Sasa wewe mtoto, na wewe karibu kwangu."

Na Haifa, kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili, akasema, "Ahsante."

Harufu ikakatika. Moshi ukapanda juu, na king'ora kikalia tena. Maalim, ambaye masikio yake si mazima na kelele ile ilimmaliza kabisa, alisema alhamdulillahi, kaondoka. Na Sheikha? Sheikha alilisikia lile ahsante. Lilimfurahisha! Mtoto wa London, kaitikia kwa adabu, kwa lugha ya kwao. Alimkumbatia akalia kwa furaha.

Haifa akanenepa. Kulazwa kukafutwa, sketi ikatolewa pini, mashavu yakarudi, na rangi nzuri ambayo hakuwa nayo hata kabla ya safari. Sheikha alitoa sadaka, akapiga simu Wete kutangaza. Akaanza hata kuimba jikoni. Ile karatasi ya kuandika chakula akaitupa, maana mtoto anayenawiri nani anamhesabia matonge?

Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya shule, akasema turudi kwenye sinia letu. Akapika pilau. Wakala, Himid akasimulia abiria wake, Haifa akacheka mahali pa kucheka. Sheikha akainama kuondoa sinia.

Walikuwa watu watatu, na pilau ilikuwa imeliwa mahali pawili.

Upande wa Haifa wali ulikuwa sawa kama alivyoupakua. Hata punje haikuchezewa. Akaanza kukumbuka: kisanduku cha chakula kinachorudi kizito kutoka shule, akidhani mtoto anakula cha shule, mayai ya asubuhi aliyoyakuta kwenye taka, akamdhania Himid.

"Haifa. Mbona hukula?"

"Sina njaa, Mama." Kwa Kiswahili, safi, kama mtu aliyezaliwa Wete. "Nakula kwake."

Himid akaacha kutafuna. "Kwa nani, mwanangu?"

"Kwa mgeni. Si alinikaribisha? Nikifumba macho nimefika. Samaki wake watamu." Akamwekea mama yake mkono gotini. Ulikuwa wa baridi, na ukaacha alama ya maji kwenye dera. "Mama usilie. Amesema leo nikalale."

Himid alikuwa tayari ameshika simu. "Maalim, kaonja," alinong'ona. "Wiki mbili. Kila siku." Kisha wakamsikia mzee, taratibu, anaanza kusoma yale yanayosomwa nyumba yenye msiba.

Sheikha hakutaka kusikia. Alimvuta mtoto mapajani, akamshika kwa nguvu zake zote, na kwa mkono uliobaki akafinyanga tonge, dogo, lenye kipande cha nyama, kama alivyokuwa akimlisha alipokuwa hajaota meno ya kutosha. Nywele za Haifa zilikuwa zimeanza kuchuruzika maji begani kwake.

"Kula, mwanangu. Moja tu. Moja, kwa ajili ya Mama. Karibu, mama yangu, karibu."

Haifa akalitazama lile tonge. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Ahsante, Mama," akasema. "Nishakula."