Tiki za Alhamisi

Kule Boito watu huamkia mashamba ya chai. Saa kumi na mbili asubuhi Rebeccah alikuwa amejifunga nailoni kiunoni ili umande usimloweshe. Alijitwika kikapu mgongoni. Mume wake, Kipkurui, alikuwa kwenye kochi. Chini ya goti lake la kulia aliweka gunia tupu la majani ya chai, lililokunjwa, kwa sababu hivyo alisikia nafuu.

"Baba Chepkurui, usisahau mazoezi," Rebeccah alisema mlangoni.

"Nimeshaanza," alijibu Kipkurui. Hakuwa ameanza lolote.

Goti lilimharibikia siku ya mpira wa kanisa, wenye wake walipocheza na makapera. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka ghafla, na kamba ya ndani inayoshikilia goti ikakatika. Hospitalini alifanyiwa operesheni, akawekewa kamba nyingine. Kisha akapewa kadi. Afanye mazoezi mara tatu kwa siku, na kila akimaliza atie tiki.

Mwanzoni alijitahidi. Alitandika blanketi uani, akalala chali, akawa anainua mguu. Lakini njia ya kwenda senta ya kupimia majani hupita hapo hapo. Wanawake wenye vikapu walisimama kutazama.

"Kipkurui, kwani unajifunza kutambaa upya?" aliuliza jirani yao Mellen.

Wakacheka. Kipkurui naye alicheka, lakini uso ulimwaka kwa aibu. Mwanamume mzima, baba wa watoto watatu, amelala chini mchana kama mtoto mchanga. Tangu siku hiyo alijifungia ndani. Mguu ulipumzika juu ya gunia, na kalamu ndiyo iliyofanya mazoezi.

Jumanne ya kliniki walikwenda pamoja. Amondi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimlaza kitandani na kumwomba anyooshe mguu. Goti halikunyooka. Ngumi ingepita chini yake. Amondi akachukua kadi, akaisoma polepole.

"Mzee, leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Na hizi tiki za Alhamisi ya keshokutwa umefanya lini?"

Kipkurui alitamani ardhi ipasuke immeze. Rebeccah aliitazama kadi, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyokuwa myeusi kwa utomvu wa chai. Wiki sita alikuwa akichuma peke yake.

"Nimedanganya, daktari," Kipkurui alisema. "Watu walinicheka, nikaona haya."

"Na mimi nilikuwa nakuonea huruma," Rebeccah alisema kwa sauti ya chini.

Maneno hayo yalimchoma kuliko kisu cha operesheni.

Amondi hakumgombeza. "Operesheni ni nusu ya kazi," alisema. "Nusu ingine ni yako. Nyumbani unaweka mguu wapi?"

"Juu ya gunia. Chini ya goti."

"Hiyo inakupea raha, lakini goti linazoea kukaa limekunjwa. Likizoea kabisa, utachechemea maisha yako yote. Ule mteremko wa shamba lako utakushinda."

Alikunja taulo, akaiweka chini ya kisigino. Goti likaning'inia bila kitu chini yake. "Weka hivi. Kaza paja, hesabu mpaka tano, legeza."

"Inauma."

"Itavuta, hiyo ni kawaida. Lakini goti likifura na kuwa moto, ama nyama ya nyuma ya mguu ikifura na kuuma, usingoje kliniki. Kuja siku hiyo hiyo."

"Na mpira?"

"Mpira tutaongea mwaka ujao." Akatoa kadi mpya. "Hii nani ataweka tiki?"

"Mama Chepkurui," alisema Kipkurui. "Akiona kwa macho yake."

Rebeccah akaichukua kalamu ya mumewe, akaitia mkobani.

Shida ni kwamba mchana Rebeccah huwa senta, akingoja lori la majani. Basi kesho yake Kipkurui alijikongoja huko kwa magongo. Watu wote walikuwepo. Alilala kwenye benchi, akaweka kisigino juu ya gunia lililokunjwa. Mellen akaanza kutabasamu.

"Mellen, kama unacheka, cheka ukihesabu," alisema Kipkurui.

Mellen akahesabu. Siku ya tatu senta nzima ilihesabu.

Baada ya mwezi Amondi alijaribu kupitisha kiganja chini ya goti. Hakikupita. Akaitazama kadi.

"Jumapili mbili hazina tiki."

"Hizo sikufanya," alijibu Kipkurui. "Nilishindwa na uvivu."

Mazoezi yaliendelea miezi mingi. Mwezi wa tano tangu operesheni, kwa ruhusa ya Amondi, Kipkurui aliteremka shambani na kikapu kidogo, hatua kwa hatua, mguu umenyooka. Jioni alilala kwenye blanketi pale uani, mbele ya wapita njia wote, akamaliza zamu yake ya mazoezi.

"Mama Chepkurui, kuja uweke tiki."

Rebeccah alikuwa jikoni. Akatoka na mkoba wake, akatoa kalamu, akamrudishia mkononi.