Kiti cha Mbele

Kila Jumamosi asubuhi, kabla baba hajaenda kufundisha watu kuendesha gari, Chiriku alifuta vioo vya gari la shule ya udereva. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa kukaa karibu naye akiifanya, maana mdomo wake haukuwa na breki, na ndiyo sababu jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye cheti tu. Kila mtu alimwita Chiriku, hata mwalimu wake wa darasa.

Jumamosi hiyo alikuwa na habari moja, na aliirudia kwa kila kioo: leo familia inakwenda kuchagua boti ya kutembelea ziwani. Juma lililopita walikuwa wameziona mbili zinazouzwa, zote zimeshatumika, zote zina viti mbele kabisa, mahali ambapo abiria hukaa na kupigwa na upepo wa ziwa. Moja ilikuwa ya kijivu, viti vyake vimepauka na kushonwa viraka. Nyingine ilikuwa nyeupe, ina viti vyekundu vinavyong'aa na zulia jipya. Chiriku alikuwa ameshaitangaza ile nyeupe darasani. Alikuwa hata ameahidi kuwapungia wenzake mkono akiwa amekaa kwenye kiti cha mbele, upande wa kulia.

"Kwa hiyo umeshachagua peke yako?" baba aliuliza.

"Si mimi, baba. Ni macho yangu."

"Hata mimi macho yangu ndiyo yaliyonunua lile friji."

Friji lile kila mtu alilikumbuka. Lilifika nyumbani likimeremeta, likafa kabla ya mwezi kwisha. Tangu hapo mama, ambaye alikuwa muuguzi, aliweka sheria. Kitu kilichotumika hakiingii nyumbani mpaka kila mtu apewe sehemu yake aikague, kisha atamke kwa mdomo wake kwamba ameridhika. Hakuna anayerudia kukagua sehemu ya mwenzake, kwa sababu neno la mtu wa nyumbani linatosha. "Mgonjwa mwingine hasemi anapoumwa mpaka umbonyeze," mama alizoea kusema. "Na vitu ni hivyo hivyo. Bonyezeni."

Ufukweni walimkuta mwenye boti amesimama kando ya ile nyeupe, akiipapasa ubavu. "Kizuri chajiuza," alisema. "Mimi sina maneno mengi." Kisha akayasema mengi.

Mama aligawa kazi hapo hapo. Baba alipewa injini na usukani. Mama mwenyewe alichukua ubavu wa boti na jaketi za kuokolea maisha. Bibi, mama yake baba, alipewa viti, kwani kama alivyosema mwenyewe, kiti kikimkubali yeye kitamkubali yeyote. Chura, mdogo wake Chiriku, mtoto asiyejua kutembea ila kuruka, aliambiwa ashike mkoba wa bibi na asiguse kitu. Sakafu alipewa Chiriku.

"Vua viatu," mama alimwambia. "Kanyaga kwa kisigino kila mahali. Pakibonyea, sema."

Chiriku alianzia nyuma. Pagumu. Katikati pia pagumu. Alipofika mbele, chini ya kile kiti chekundu cha kulia, kisigino chake kilizama. Alidhani amekosea, akakanyaga tena polepole. Zulia lilishuka kama mkate ulioloa chai, na harufu ya ubao uliooza ikapanda. Zulia lilikuwa jipya, lakini lililokuwa chini yake lilikuwa limekwisha.

Alijua la kufanya. Aliinua uso na kuona hakuna anayemtazama. Akaiona boti ya kijivu na viraka vyake, akawaona akilini wenzake wa darasani wakishika mbavu kwa kicheko.

"Sakafu je?" mama aliuliza akiwa huko nje.

"Iko sawa."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Umeridhika?"

"Nimeridhika." Neno lilimtoka jepesi, kama maneno yake mengine yote, na mama akaendelea na kazi yake. Hilo la kuaminiwa upesi namna ile ndilo lililomchoma Chiriku kuliko maswali.

Kila mmoja alitamka kwamba ameridhika, hata bibi, ambaye viti vya mbele alikuwa amevibonyeza kwa mkono tu kutoka nje, kwa ajili ya goti lake. "Basi tuijaribu majini," baba alisema, "halafu tupeane mkono na mzee huyu." Walivaa jaketi zao, mwenye boti akakaa nyuma karibu na injini, na baba akashika usukani huku akijikumbusha kwa sauti kutazama nyuma na pembeni, kana kwamba ziwani kuna mataa ya barabarani.

Chiriku aliwahi kiti cha mbele cha kulia. Hakukikimbilia kwa furaha. Alikikimbilia ili mtu mwingine asikanyage pale. Alitanua miguu, mmoja huku na mwingine kule, pale palipooza pakabaki katikati, akajikaza hapo.

Boti iliondoka vizuri. Upepo ulikuwa mtamu, maji yalimrukia usoni, na kiti kilikuwa laini kama alivyokiota. Chiriku hakuonja hata kimoja cha hivyo. Kila mtu aliposogea, Chiriku alimtazama miguu. Mama alimwita nyuma akaone kundi la ndege juu ya maji, akasema anawaona kutoka pale pale. Baba alimwita aje ashike usukani kidogo, kitu ambacho siku nyingine angekipigania, akasema amechoka. Ziwa lote lilikuwa wazi mbele yake, na yeye alikuwa amefungwa mahali padogo kuliko mkeka wa kuchezea.

"Chiriku leo amemeza nini?" bibi aliuliza. "Hajasema neno tangu tuondoke. Au anaatamia mayai pale?"

Wote wakacheka. Chura akaona ndiyo nafasi yake, akapanda juu ya kiti cha pili cha mbele na kukunja magoti. Chiriku alimdaka kiuno kabla hajaruka, akamkalisha kwa nguvu.

"Umeniumiza," Chura alilalamika.

"Kaa," Chiriku alisema, na sauti yake ilimtisha mwenyewe.

Kisha likaja la bibi. Aliinuka taratibu, mkono mmoja ukishika ukingo na mwingine ukishika goti, lile goti bovu ambalo mama alilikanda kila jioni. "Nipishe mjukuu wangu," alisema kwa upole. "Nami nikionje hicho kiti cha mbele kabla hatujakinunua."

"Subiri kidogo, bibi."

Katika nyumba yao hakuna aliyewahi kumwambia bibi asubiri kiti. Baba alipunguza mwendo.

"Chiriku," alisema, "mpishe bibi yako."

Maji yalimfika shingoni ingawa jaketi alikuwa ameivaa. Akibaki pale, yeye ni mtoto asiye na adabu. Akitoka, bibi atapitisha uzito wake wote pale pale, na goti lile halitapona tena. Bibi alishainua mguu.

"Usije, bibi. Baba, simamisha boti." Machozi yalitangulia maneno. "Sakafu hapa imeoza. Nilijua tangu tulipokuwa ufukweni. Nilidanganya."

Baba alizima injini. Mama alimrudisha bibi kitini, akaja mbele akitambaa, akabonyeza zulia kwa kiganja. Ubao ulilia chini yake na maji machafu yakachuruzika pembeni. Aligeuka akamtazama mwenye boti.

"Mimi nauza kama nilivyonunua," yule bwana alisema, akitazama maji.

"Na zulia?" mama aliuliza. "Nalo ulilinunua likiwa jipya hivyo?"

Walirudi polepole, kila mtu amekaa alipo, hakuna anayesogea. Chiriku aliendelea kupanua miguu hadi ufukweni. Safari hii hakuna aliyemtania, na ilimuuma kuliko kutaniwa.

Waliposhuka, alitaka kwenda kujificha nyuma ya gari, lakini bibi alimshika mkono akamkalisha kando yake kwenye benchi. Baba na mama walisimama karibu.

"Nilitaka kiti chekundu tu," Chiriku alisema.

"Nawe ukakipata," bibi alijibu. "Ukakikalia safari nzima. Kilikuwa kitamu?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Hakiwezi kuwa kitamu. Uongo ni mwenyeji mbaya, mjukuu wangu. Unakukaribisha upesi, halafu hautaki uinuke. Ungesema ukweli mama yako alipokuuliza, ungepoteza kiti kimoja. Ulipoficha, ulikaribia kupoteza mguu wangu."

Mama alivuta pumzi. "Nilikasirika, na bado nimekasirika," alisema. "Lakini ulisema kabla bibi hajakanyaga, na kusema pale mbele ya wote si kazi ndogo. Sasa vua viatu."

"Kwa nini, mama?"

"Ile ya kijivu nayo ina sakafu. Na sakafu ni sehemu yako."

Chiriku hakuamini masikio yake. Aliikagua boti ya kijivu kwa visigino, kwa viganja, na hata kwa kulala kifudifudi na kunusa. Alibonyeza mahali pamoja mara nyingi mpaka Chura akamuuliza kama anakanda chapati. Pembeni kabisa, karibu na ngazi, aliona msumari ulioinuka kidogo, akaita.

"Kuna msumari mmoja umetoka, hapa. Mbao zote ni ngumu."

"Umeridhika?" mama aliuliza.

Chiriku alifikiri kwanza. "Msumari ukigongwa, nitaridhika."

Msumari ukagongwa, na boti ya viraka ikawa yao. Jumapili iliyofuata waliipeleka ziwani kwa mara ya kwanza, na Chiriku akawa wa kwanza kukaa mbele, upande wa kulia, akiongea tangu wanatoka gatini. Boti ilipofika mahali palipotulia, bibi aliinuka akishika goti.

Kabla hajaomba, Chiriku alishasimama. "Karibu, bibi. Nakupisha."

Bibi alikaa, akanyoosha miguu sakafuni bila wasiwasi, akavipapasa vile viraka. "Hiki sasa ndicho kiti," alisema. "Kiti kizuri ni kile unachoweza kuinuka ukampisha mwenzako."